Gudulia la Mzee wa Ndevu

Ndugu zangu wapenzi wa vyombo vya kale, gudulia ninalolizungumzia jioni hii wakusanyaji wengi wanalijua kwa jina la Bellarmine. Mengi yalitoka Frechen, karibu na Cologne, Ujerumani, yakauzwa kwa wingi Uingereza katika karne ya 16 na ya 17. Lina tumbo nene, na shingoni umebandikwa uso wa mzee mwenye ndevu. Tanuri likishapamba moto, wafinyanzi walitupia chumvi ndani. Mvuke wake ukaacha juu ya udongo ngozi ya kung'aa yenye vipele, kama ganda la chungwa. Mnunuzi huanza na uso ule: umekaa sawa? Umemeguka?

Mimi nawaomba tutazame ndani.

Waingereza wa zama hizo, ugonjwa ukiwashinda, wengi waliamini wamerogwa. Mgonjwa alitia mkojo wake guduliani pamoja na misumari, pini zilizopindwa na nywele zake, akaziba, akalifukia chini ya kizingiti au jikoni. Likawa zindiko. Joseph Blagrave, tabibu na mnajimu wa Reading, aliieleza dawa hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1671: mkojo wa mgonjwa ukifungiwa hivyo, mchawi naye hubanwa, akojoe kwa taabu kubwa au asikojoe kabisa.

Mwaka 2004 gudulia la namna hiyo lilifukuliwa Greenwich, London, kizibo kingali mahali pake. Lilipigwa picha za eksirei kwanza, kisha mkemia Alan Massey akayachunguza yaliyomo. Mlikuwa na kipande cha ngozi kilichokatwa umbo la moyo, kimechomwa msumari katikati. Mlikuwa na kucha zilizokatwa, nywele, na kiberiti, yaani salfa. Mkojo wenyewe ulikuwa na dalili za nikotini: mwenyewe alivuta tumbaku! Hatujui jina lake, lakini tunajua alivuta, aliugua, na aliogopa.

Hayo yote tumeyapata kwa sababu hakuna aliyeling'oa kizibo kwa pupa. Inaniuma sana kuona magudulia yaliyomwagwa na kusuguliwa kwa sabuni ili yapendeze kabatini. Ukilikuta lililozibwa, usilitikise wala usilifungue. Liache kama lilivyolala, uwaite wanaakiolojia wa makumbusho ya karibu. Na ukienda kununua, kabla ya bei muulize muuzaji: lilifukuliwa wapi, na yaliyokuwa ndani yako wapi?