Kwa nini dawa za vyeti vya daktari England zimekaribia kuongezeka maradufu

Ndugu zangu watazamaji wa Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na kokote mliko, karibuni tena. Baada ya video iliyopita, niliyoeleza kazi yangu ya kuhudumia wateja kwenye famasi hapa mjini Reading, England, mtazamaji mmoja aliniuliza kama ni kweli kwamba Waingereza wamezidi kuwa wagonjwa hata wanaishi kwa vidonge. Jibu la swali hilo ni refu kidogo, na leo ninataka kulitoa kwa utulivu, kwa sababu takwimu zake hutajwa sana huku watu wachache wakijua zinahesabu kitu gani.

Nianze na hesabu yenyewe. Daktari akikuandikia dawa, unaichukua kwenye famasi yoyote, kisha famasi hiyo inadai malipo yake kwa huduma ya taifa ya afya, yaani NHS. Kwa kuwa mlipaji ni mmoja, kila dawa inayotolewa inaacha kumbukumbu, na kumbukumbu hizo hutangazwa hadharani, jambo ambalo haliwezekani kwa urahisi pale ambapo mtu hununua dawa dirishani kwa fedha yake mwenyewe. Kinachohesabiwa ni kila dawa iliyoandikwa kwenye cheti, bila kujali wingi wake: ukiandikiwa dawa ya presha na dawa ya sukari, hizo ni dawa mbili, hata kama moja ni ya siku 7 na nyingine ni ya siku 56. Nitazungumzia England peke yake, kwa sababu Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina hesabu zao.

Mwaka 2002 famasi za England zilitoa dawa milioni 616.9 kwa hesabu hiyo. Mwaka 2012 zilivuka bilioni 1 kwa mara ya kwanza, na katika mwaka wa fedha wa 2022/23 zilifika takriban bilioni 1.18. Ni kweli kwamba idadi ya watu nayo imeongezeka, lakini haikuongezeka kwa kasi hiyo hata kidogo. Wastani kwa kila mtu, mtoto mchanga akiwemo, ulikuwa dawa 12.4 kwa mwaka 2002, ukawa 18.7 mwaka 2012, na sasa umepita 20.

Sehemu ya ongezeko hilo imetokana na hesabu yenyewe. Vituo vingi vya madaktari huandika dawa za kudumu kwa siku 28, badala ya miezi miwili au mitatu kwa mpigo, na mgonjwa yuleyule anayemeza kidonge kilekile anaweza kuhesabiwa mara 13 kwa mwaka badala ya mara 4. Kwa hiyo mtu akiwaonyesha mstari unaopanda na kusema maradhi yameongezeka kwa kiwango hichohicho, msimwamini haraka.

Sehemu nyingine, ambayo kwa maoni yangu ndiyo kubwa, ni kubadilika kwa kazi ya dawa. Zamani mtu alimeza dawa kwa sababu anaumwa. Leo wengi ninaowapa mifuko yao pale kaunta hawaumwi. Wanameza dawa ili wasije wakaumwa. Mfano ulio wazi kuliko yote ni statini, dawa za kupunguza lehemu, yaani kolesteroli, kwenye damu. Kabla ya mwaka 2014, mwongozo wa NICE, taasisi inayowaelekeza madaktari wa huku juu ya tiba, uliwataka wampe statini mtu ambaye uwezekano wake wa kupata maradhi ya moyo au kiharusi katika miaka 10 ijayo ulifikia asilimia 20. Julai 2014 kiwango hicho kilishushwa hadi asilimia 10, na mamilioni ya watu waliolala wakiwa hawahitaji dawa wakaamka wakiwa wanastahili kuandikiwa. Miili yao ilikuwa ileile ya jana.

Mabadiliko hayo yasingewezekana kama dawa zingebaki ghali. Hataza, yaani haki ya kuwa mtengenezaji pekee, ya statini iitwayo atorvastatini, ambayo kampuni ya Pfizer iliiuza kwa jina la Lipitor, ilimalizika Uingereza mwezi Mei 2012, viwanda vingine vikaanza kuitengeneza, na bei ikaporomoka. Sasa ndiyo dawa inayoandikwa mara nyingi kuliko zote nchini England. Ndiyo maana wingi wa dawa na gharama yake havikwenda pamoja: wastani wa bei ya dawa moja kwenye cheti ulikuwa paundi 11.10 mwaka 2002, lakini mwaka 2012 ulikuwa umeshuka hadi paundi 8.52. Mgonjwa mwenyewe kwa kawaida halipi chochote. Ada ya kila dawa ni paundi 9.90, lakini waliotimiza miaka 60, watoto, wajawazito na makundi mengine wamesamehewa, na dawa karibu 9 katika kila 10 hutolewa bure.

Sasa niwaonyeshe namna orodha ya mtu mmoja inavyorefuka, kwa sababu hapo ndipo takwimu zinapopata uso. Mzee anaanzishiwa amlodipini kwa ajili ya presha. Baada ya muda vifundo vya miguu vinavimba, tokeo linalofahamika la dawa hiyo. Anamwona daktari mwingine, ambaye anaushughulikia uvimbe kama ugonjwa mpya na kumwandikia furosemidi ya kumkojosha. Furosemidi nayo inaweza kupandisha asidi ya yuriki kwenye damu, kidole gumba cha mguu kinawaka kwa gauti, maradhi ya viungo yanayoletwa na asidi hiyo, anaongezewa alopurinoli ya kuishusha. Kwa maumivu anapewa kodeini, kodeini inamfungia choo, na dawa ya kulainisha choo inaingia kwenye orodha. Dawa tano, na tatizo la mwanzo lilikuwa moja. Kila daktari katika mlolongo huo alikuwa na sababu yake, na hakuna aliyekosea waziwazi, ila hakuna aliyeulizwa ni dawa gani iondolewe. Kuanzisha dawa kunachukua dakika chache. Kuisimamisha kunahitaji mtu wa kukaa na mgonjwa, kusoma faili la miaka mingi na kubeba lawama ikiwa mambo yataharibika.

Serikali yenyewe imelikiri hilo. Mwezi Septemba 2021 ilitolewa ripoti iliyoongozwa na Keith Ridge, aliyekuwa mfamasia mkuu wa England, ikakadiria kwamba angalau asilimia 10 ya dawa zinazotolewa nje ya hospitali hazikuwa za lazima, na kwamba asilimia 15 ya watu humeza dawa tano au zaidi kila siku. Ripoti hiyohiyo ilisema kwamba kati ya wazee waliovuka miaka 65 wanaolazwa hospitalini, karibu mmoja katika kila watano amefikishwa huko na madhara ya dawa.

Dawa za sonona zina habari yake. Ziliandikwa mara milioni 36 mwaka 2008, na mwaka 2018 zikafika milioni 70.9. Magazeti yaliandika kana kwamba taifa zima limezama katika huzuni, ilhali sehemu kubwa ya ongezeko inaelezwa na watu kukaa na dawa hizo kwa miaka mingi zaidi kuliko zamani. Isitoshe, baadhi ya dawa zinazoingizwa kwenye kundi hilo, kama amitriptilini kwa dozi ndogo, mara nyingi huandikwa kwa ajili ya maumivu ya mishipa ya fahamu au kipandauso. Sisemi kwamba hakuna tatizo. Uchunguzi wa shirika la afya ya umma la England uliotolewa Septemba 2019 ulionyesha kwamba katika mwaka wa 2017/18 watu wazima milioni 11.5, yaani mtu mmoja katika kila wanne, waliandikiwa angalau moja ya dawa za sonona, za maumivu za jamii ya afyuni, za usingizi, za wasiwasi, au gabapentini na pregabalini, ambazo ni dawa za kifafa na maumivu ya mishipa ya fahamu. Dawa za afyuni, pamoja na gabapentini na mwenzake, ziliandikwa zaidi katika maeneo ya watu maskini, na mimi huona ni rahisi kuelewa sababu: foleni ya mtaalamu wa viungo au wa ushauri nasaha ni ndefu, lakini cheti hupatikana siku hiyohiyo.

Hata hivyo si kila mstari unapanda. Antibayotiki zilipungua kwa miaka kadhaa baada ya mwaka 2014, madaktari walipofuatiliwa kwa karibu wanavyoziandika. Dawa za afyuni nazo zilianza kushuka kuanzia mwaka 2016. Aprili 2019 gabapentini na pregabalini ziliwekwa chini ya sheria ya dawa zinazodhibitiwa, na tangu mwaka 2020 wafamasia walioajiriwa kwenye vituo vya madaktari wamepewa kazi rasmi ya kuwaita wagonjwa wenye orodha ndefu na kuzipitia dawa zao moja baada ya nyingine.

Mwisho, wapo watazamaji wanaoniomba niwatumie dawa zinazorudishwa na wateja, kwa kuwa niliwahi kuwaeleza kwamba watu hutuletea mifuko yenye maboksi ambayo hayajafunguliwa. Utafiti uliotolewa mwaka 2010 ulikadiria kwamba dawa za takriban paundi milioni 300 hupotea kila mwaka kwa njia kama hizo. Pamoja na uchungu wake, dawa ikishatoka nje ya famasi hakuna anayeweza kuthibitisha ilihifadhiwa wapi na katika joto gani, kwa hiyo hairuhusiwi kupewa mtu mwingine, wa hapa wala wa nyumbani. Huingizwa kwenye pipa maalumu na kupelekwa kuteketezwa, nami sitazituma.