Fedha za Ardhi na Kiti cha Bodi: Mgogoro wa Vyuo Vikuu vya Umma Tennessee

Waheshimiwa wahadhiri, wanafunzi na wageni waalikwa, sheria aliyoitia saini Rais Abraham Lincoln tarehe 2 Julai 1862, ijulikanayo kwa jina la mbunge aliyeipendekeza, Justin Morrill, iliyapa majimbo ya Marekani ekari 30,000 za ardhi ya umma kwa kila seneta na kila mbunge, ili mapato yake yaendeshe vyuo vya kilimo na ufundi. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilikuwa imetwaliwa kutoka kwa wenyeji wa asili, jambo ambalo sheria haikulitaja.

Sheria ya pili, ya 1890, ilikataza ubaguzi wa rangi katika kupokea wanafunzi, lakini papo hapo ikaruhusu vyuo viwili vilivyotengana mradi fedha zigawanywe kwa haki. Mgawaji alikuwa bunge la jimbo lenyewe, na hapo, kwa maoni yangu, ndipo lilipo shina la ugomvi.

Jimbo la Tennessee lilikwisha kukipa chuo cha Knoxville, leo University of Tennessee, ruzuku ya sheria ya 1862. Chuo cha Weusi kilifunguliwa Nashville mwaka 1912, nacho leo ni Tennessee State University. Mwaka 1968, chuo cha Knoxville kilipotaka kupanua tawi lake mjini Nashville, mhadhiri kijana Rita Sanders alifungua kesi, akidai kwamba tawi hilo lingedumisha utengano. Kesi ilichukua miaka mingi, kisha mahakama ikaamua jambo lisilo la kawaida kabisa: mwaka 1979 tawi lenye Wazungu wengi liliunganishwa chini ya uongozi wa chuo cha Weusi.

Ushindi huo wa utawala haukuziba pengo la fedha. Hadi leo jimbo linaweza kuomba kusamehewa hadi nusu ya mchango linaopaswa kuvitolea vyuo vya Weusi vya sheria ya 1890 ili ulingane na ruzuku ya serikali kuu, msamaha ambao vyuo vya sheria ya 1862 havihitaji kuuogopa. Septemba 2023 mawaziri wa elimu na kilimo wa serikali kuu ya Marekani walimwandikia gavana wa Tennessee kwamba chuo cha Nashville kilipunjwa takriban dola bilioni 2.1 kati ya 1987 na 2020. Wabunge wa jimbo, kwa upande wao, walielekeza macho kwenye usimamizi wa fedha chuoni, na Machi 2024 walipitisha sheria ya kuivunja bodi nzima ya wadhamini, ambayo gavana aliitia saini na kuteua wajumbe wapya, bila sheria hiyo kugusa madai ya malimbikizo.