Biti za Manzese, Pindo la Kanga na Hesabu Tulizozikimbia

ZUHURA: Habari za muda huu, msikilizaji. Tupo Sinza, Dar es Salaam, umeme upo, na huo mvumo nyuma yangu ni feni, utuvumilie. Mimi ni Zuhura, mhandisi niliyeikimbia ofisi.

MSAFIRI: Na mimi Msafiri, mchoraji niliyezikimbia hesabu. Leo dada yangu amenikamata.

ZUHURA: Umejikamatisha mwenyewe. Juzi ulisema sanaa ni kipaji, sayansi ni shule.

MSAFIRI: Na nayasimamia.

ZUHURA: Haya, singeli, ule muziki wetu wa kasi wa mtaani. Ina mapigo mangapi kwa dakika?

MSAFIRI: Mengi! Ukikesha kwenye kigodoro, ile ngoma ya mtaani ya usiku kucha, kesho yake unaomba ruhusa kazini.

ZUHURA: Yanavuka 200, mengine yanakaribia 300. Chukua 240: kila pigo ni robo sekunde, na MC anapachika maneno humo humo. Sasa prodyuza wa Manzese au Mburahati anachukua kipande cha taarabu, anakizungusha, anakikimbiza. Ukikikimbiza mara mbili kama kanda, sauti inapanda oktava nzima, yaani kutoka do ya chini hadi do ya juu.

MSAFIRI: Ile sauti ya kitoto! Mimi nilidhani ndiyo ladha yenyewe.

ZUHURA: Ni ladha, wameichagua. Asipoitaka, anaiambia programu iongeze mwendo bila kuipandisha sauti. Programu inaikatakata sauti vipande vidogo mno, inavipishanisha na kuviunga upya; ikikosea unasikia mikwaruzo. Mimi haya niliyasoma chuoni, ubaoni, darasa halina hata spika moja. Yule kijana anayajua kwa sikio, anakuonyesha palipoharibika, ila hawezi kuyaandika kwenye barua ya kuomba kazi.

MSAFIRI: Na kabla ya singeli kulikuwa na mchiriku, nao muziki wa mtaani. Wale walichukua kinanda kidogo cha Casio, karibu cha kuchezea watoto, wakakiunga kwenye amplifaya na spika za honi, mtaa mzima ukatetemeka. Nani aliwafundisha umeme?

ZUHURA: Umeanza kunisaidia, kaka.

MSAFIRI: Subiri kwanza, nina dukuduku. Hizi semina za ubunifu na teknolojia, sisi wasanii tunaitwa tutumbuize wakati watu wanakula. Wahandisi wanaongea asubuhi, sisi tunapiga ngoma saa saba, mchana wanaendelea bila sisi. Halafu kwenye ripoti wanaandika utamaduni umeshirikishwa.

ZUHURA: Hapo sikubishii. Pilau tu ndiyo mnashirikishwa.

MSAFIRI: Hata pilau tunakuta ukoko! Nipe mfano wa kazi, achana na burudani.

ZUHURA: Kanga.

MSAFIRI: Kanga naijua. Pindo la pembeni, mji wa katikati, jina ndiyo yale maneno.

ZUHURA: Basi nichoree pindo. Tuseme kanga ina sentimita 150 kwa 110, ndiyo ukubwa wake kwa kukadiria. Una ua moja la kurudia pande zote nne bila kukatika njiani. Ua liwe na upana gani?

MSAFIRI: Nitajaribu mpaka likae.

ZUHURA: Darasa la sita ulifundishwa KKS.

MSAFIRI: Kigawo kikubwa cha shirika! Mungu wangu, nilichapwa kwa ajili ya hiyo.

ZUHURA: Cha 150 na 110 ni 10. Ua la sentimita 10 linaingia mara 15 kwa urefu na mara 11 kwa upana, hakibaki kitu. Ungefundishwa na doti ya mama yako mezani, usingechapwa. Na bado hujapanga rangi: ukichapa kwa fremu, ile ya wavu wa kupitishia rangi, kila rangi ina fremu yake, moja ikisogea milimita mbili tu, ua linakuwa na kivuli.

MSAFIRI: Hiyo ya fremu naijua vizuri, nimechapa fulana. Kiwanda cha nguo cha Urafiki pale Ubungo kilipofunguliwa mwaka 1968, mchoraji na fundi mitambo walikuwa chini ya paa moja. Mchoraji akileta mistari myembamba kupita kiasi, anaambiwa hapo hapo haichapiki.

ZUHURA: Na mwaka huo huo Edward Saidi Tingatinga anaanza kuchora hapa hapa Dar, kwenye vipande vya hadibodi, kwa rangi za baiskeli.

MSAFIRI: Usiniguse hapo, dada. Mwaka 2010 watoto wa Uingereza walianza kuona kwenye televisheni katuni za wanyama kwa mtindo huo wa Tingatinga. Unajua zilitengenezewa wapi? Nairobi! Mtindo wetu, vijana wa kuzifanya picha zitembee wakapatikana kwa jirani.

ZUHURA: Nairobi walikuwa na studio na watu waliokwisha kufundishwa, usiwalaumu. Mbona kwenye mradi wa Ramani Huria tuliweza? Mwaka 2015 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Ardhi na cha Dar es Salaam waliingia mitaani na wakazi, kuchora ramani za kata zinazofurika. Mwanafunzi ana programu, mkazi anajua maji hupitia uchochoro upi.

MSAFIRI: Kwa hiyo huyu prodyuza wetu umpeleke chuo?

ZUHURA: Aende akitaka. Ila VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi: fundi aliyejifunzia gereji au saiti anapimwa kwa kazi yake, anapewa cheti. Mwashi anapata, seremala anapata. Mimi nataka na fundi wa sauti apimwe hivyo hivyo, apate njia ya kuajiriwa redioni, kwenye kampuni za simu, hata kwenye hizi kazi za kuifundisha kompyuta ielewe Kiswahili. Anayetofautisha sauti kwa robo sekunde wanamhitaji.

MSAFIRI: Nakubali nusu. Cheti nacho kina ubaya wake, kesho utasikia singeli isiyo na cheti ni marufuku. Halafu nani atamtahini?

ZUHURA: Mzee wa mchiriku na mwalimu wa fizikia, meza moja.

MSAFIRI: Mwalimu akifeli je?

ZUHURA: Anarudi Manzese kufanya marudio.