Nne bila: timu ya kriketi ya India ilivyoporomoka Uingereza mwaka 2011

Asanteni sana. Mwenyekiti amenitambulisha kama mchambuzi, lakini wanaonijua wanajua mimi ni mwandika alama tu. Utotoni sikujua kurusha wala kupiga, nikapewa daftari na penseli nikae kando ya uwanja. Tabia haikuniacha. Hata nikitazama mechi kwenye televisheni nakaa na daftari, na la mwaka 2011 ndilo hili hapa mezani.

Humu ukumbini najua mashabiki wa India ni wengi. Wako wa damu, wako wa televisheni, na wako kama mimi, wa ugomvi. Tangu India ilipotutoa Wakenya kwenye nusu fainali ya Kombe la Dunia la kriketi mwaka 2003 pale Durban, nahodha wao Sourav Ganguly akipiga mikimbio 111, ndizo pointi za mchezo huu, bila kutolewa, nimekuwa nikiwatazama kama mtu anavyomtazama aliyemshinda kesi. Kwa hiyo walipokwenda Uingereza miaka minane baadaye na kupigwa mechi nne kwa bila, nilijiandaa kufurahi. Sikuweza. Usiku wa mwisho nilikuwa nimekasirika kuliko jirani yangu, ambaye babu yake alitoka Gujarat.

Mkumbuke walifika kule wakiwa nani. Tarehe 2 Aprili mwaka huo walikuwa wamechukua Kombe la Dunia Mumbai. Katika mechi za Test, zile za siku tano, walikuwa namba moja duniani. Mechi ya kwanza, uwanja wa Lord's pale London, ilikuwa ya 2000 katika historia ya Test, na ya 100 baina ya India na Uingereza. Dunia nzima ilialikwa kwenye harusi.

Nawasomea matokeo, kisha tuyaache. Lord's, walishindwa kwa mikimbio 196. Trent Bridge, 319. Edgbaston, kwa zamu nzima ya kupiga na mikimbio 242, yaani zamu mbili za India zilipungukiwa hivyo na zamu moja ya Uingereza. The Oval, zamu nzima na 8. Mwisho wa safari namba moja ilikuwa ya Uingereza.

Sisi mashabiki tulikuwa na majibu kabla mpira haujapoa. Wa kwanza akasema fedha za IPL, ile ligi ya India ya mechi fupi, zimewaua. Wa pili: wapigaji wazee hawa, Tendulkar, Dravid, Laxman, waende nyumbani. Wa tatu, na huyu yuko kila kijiwe: hawana moyo. Huyu wa tatu ndiye anayenichosha. Moyo haupimwi, kwa hiyo ukisema mtu hana moyo hakuna wa kukukosoa. Ndiyo raha yake.

Mimi nina hesabu yangu. Ili kushinda Test sharti uwatoe wapinzani 20, kumi kila zamu. Uingereza iliwatoa Wahindi 80 katika mechi nne, wote bila kubaki. India iliwatoa Waingereza 47. Lord's 14, Trent Bridge 20, Edgbaston saba, The Oval sita. Pale Edgbaston Uingereza ilipiga 710 kisha ikasema basi, imetosha. Alastair Cook peke yake alipata 294. Mimi penseli ilikwisha nikachukua kalamu ya mtoto wa shule.

Sasa tujiulize warushaji wa India walikuwa wapi. Turudi Lord's, siku ya kwanza. Zaheer Khan, aliyetoa watu 21 kwenye Kombe la Dunia, amekwisha kuwatoa wafunguzi wote wawili, yaani wapigaji wanaoanza zamu, Strauss na Cook. Katika ova yake ya 14, ova ni mipira sita, anashika paja. Anatoka, na safari yake imeishia hapo. Warushaji waliobaki wakachoka mpaka Dhoni, nahodha na mlinda wiketi, anayekaa nyuma ya vile vijiti vitatu, akavua glavu, akampa Dravid, akarusha mwenyewe. Mimi nilicheka. Baadaye nikaona hapakuwa na cha kuchekwa: huyu ni baba mwenye nyumba anayechota maji kwa sababu bomba limekatika. Kevin Pietersen wa Uingereza akamaliza zamu ile na 202, hajatolewa.

Na paja lile halikukatika kwa bahati mbaya. Tazameni kalenda. Kombe la Dunia lilianza Februari, likaisha tarehe 2 Aprili. Tarehe 8 Aprili, siku sita baadaye, IPL ikaanza, ikaenda mpaka 28 Mei. Juni timu iko West Indies, na Tendulkar, Zaheer, Sehwag na Gambhir hawamo, huyu anapumzika, yule anauguza jeraha. Test ya mwisho kule iliisha tarehe 10 Julai. Tarehe 21 Julai wako Lord's. Katikati walipata mechi moja tu ya kujipasha moto, dhidi ya Somerset, timu ya jimbo, pale Taunton. Na hata hiyo, mnajua nani aliomba kuichezea Somerset? Andrew Strauss, nahodha wa Uingereza! Akaenda kuwasoma warushaji wa India kabla ya mtihani, akapiga zaidi ya 100 katika zamu ya pili. Yule alikuwa akijiandaa. Wapinzani wake walikuwa wakishuka kwenye ndege.

Kwa hiyo anayelaumu IPL ana nusu ya hoja. Fedha hazikumvunja mtu paja. Kilichowavunja ni ratiba, na ratiba haiandikwi na mchezaji. Virender Sehwag, mfunguzi wao, alipasuliwa bega baada ya IPL, akakosa mechi mbili za kwanza, akaletwa Edgbaston kama mganga. Akatolewa mpira wa kwanza, zamu ya pili akatolewa tena mpira wa kwanza. Kufika The Oval warushaji walikuwa wamewaishia, wakamwita RP Singh, aliyekuwa likizoni Miami na hakuwa amecheza Test tangu 2008. Hakupata wiketi hata moja, yaani hakumtoa mtu. Mimi simlaumu. Mtu katolewa ufukweni.

Trent Bridge, lakini, niacheni nikae kidogo, maana pale ndipo safari ilipopinduka, na nusu ya kisa ni ya kujitakia.

Siku ya kwanza Uingereza wako 124, wanane wametoka. India inaongoza mchezo. Stuart Broad anajitutumua na 64, wanafika 221. Sawa. Siku ya pili Dravid anapiga 117, India wako 267 na wametoka wanne tu. Hapo nilikwenda jikoni kuchemsha chai. Nimerudi, wamekwisha: 288, wote nje. Watu sita kwa mikimbio 21! Broad katika kishindo hicho alitoa watatu kwa mipira mitatu mfululizo. Dhoni, Harbhajan, Praveen Kumar.

Huyo wa kati, Harbhajan, alihukumiwa kuwa mpira ungegonga wiketi kama si mguu wake. Marudio yakaonyesha wazi kuwa mpira uligusa beti kwanza. Mngesema si akate rufaa kwa mwamuzi wa televisheni? Hakuweza. Bodi ya kriketi ya India yenyewe ndiyo iliyokuwa haiamini mitambo ile ya kufuatilia mpira, ikakubali rufaa za televisheni kwa sharti kwamba maamuzi ya mguu yasiguswe. Mchimba kisima aliingia mwenyewe.

Siku ya tatu, mechi ileile, ikaja habari ya Ian Bell. Yuko 137. Mpira wa mwisho kabla ya chai, mwenzake Eoin Morgan anaupiga kuelekea mpakani, Praveen Kumar anauokoa kizembezembe, Bell anadhani umepita, yaani mpira umekufa, mchezo umesimama. Anajiondokea zake kwenda kunywa chai. Wahindi wakarudisha mpira, wakaangusha vijiti, wakaomba uamuzi. Kisheria ametoka, hakuna ubishi. Wakati wa mapumziko Strauss na kocha wake, Andy Flower, wakabisha hodi chumba cha India, na Dhoni akaondoa ombi. Waliporudi uwanjani watazamaji walianza kuwazomea Wahindi, kisha wakamwona Bell anashuka ngazi, zomeazomea ikageuka makofi. Akafika 159. Dhoni alipewa tuzo ya uungwana, na mechi akapoteza. Jirani yangu mpaka leo hajamsamehe. Mimi nimemsamehe siku za Jumatatu hadi Alhamisi.

Na kwa wanaopenda mambo ya bara letu: makocha wote wawili walitoka Zimbabwe. Flower kwa Uingereza, Duncan Fletcher kwa India. Uwanja huohuo wa Trent Bridge, mwaka 1983, Fletcher akiwa nahodha wa Zimbabwe aliiangusha Australia kwenye Kombe la Dunia, akapiga 69 bila kutolewa na kutoa watu wanne. Sijui kama alipata nafasi ya kulikumbuka hilo wiki ile.

Naona mkono. Mzee anasema: "Unawatetea warushaji, mbona wapigaji hawakuwahi kuvuka 300?" Ni kweli, mzee wangu, na daftari linakuunga mkono. Zamu nane, na kubwa kuliko zote ni 300 kamili, pale The Oval. Tena nitakuongezea risasi. Miezi michache baadaye walikwenda Australia, Zaheer amerudi, wakapigwa nne bila tena. Kwa hiyo hesabu yangu ya miili haitoshi peke yake. Wale wazee macho yalikuwa yameanza kuchelewa, na sisi hatukutaka kuliona kwa sababu tulikuwa tunamsubiri Tendulkar afikishe mia yake ya 100, yaani zamu ya 100 ya kufika mikimbio mia. Kila akiingia tulisahau timu, tukahesabu namba za mtu mmoja. The Oval alifika 91, mwamuzi akainua kidole, ametoka. Nilisikia nyumba tatu za mtaa wetu zikipiga kelele kwa pamoja.

Lakini kwa "hawana moyo" nina jibu moja, na nalo ni Rahul Dravid. Miaka 38. Alifikisha mia mara tatu safari ile, Lord's, Trent Bridge na The Oval, jumla mikimbio 461, wenzake wakiangukia pembeni. Edgbaston alitolewa kwa kosa: kilichosikika ni beti kugusa kamba ya kiatu, yeye mwenyewe akaamini ameugusa mpira, akaondoka bila kukata rufaa iliyokuwa halali yake. The Oval alifungua, akakaa zaidi ya saa sita, wenzake wote kumi wakatoka, yeye 146 hajatolewa. Uingereza ikawaambia Wahindi warudi kupiga tena. Gambhir, mfunguzi, alikuwa ameumia kichwa. Ikabidi Dravid apande ngazi, anywe maji, abadilishe glavu, ashuke tena kufungua. Hapa kwenye daftari jina lake limo mstari wa mwisho wa ukurasa huu na mstari wa kwanza wa ukurasa unaofuata. Karibuni mje mlione.

Nasikia vikombe huko nyuma, chai iko tayari. Tafadhali msitoke kama Bell. Mwenyekiti hajatangaza kuwa mpira umekufa.