Ziada Inayozaliwa Kwenye Makadirio: Mhadhara kwa Wahasibu na Wanafunzi wa Uhasibu, Dodoma

Ndugu mwenyekiti, walimu, wanafunzi, nanyi mliofunga ofisi zenu Kongwa, Mpwapwa na Manyoni mkaja kunisikiliza, asanteni. Nimepewa muda mfupi, kwa hiyo historia ya bima mtaisoma wenyewe.

Tuanze na tarehe 30 Juni, siku ambayo mwaka wa fedha wa Serikali unafungwa. Mwanachama amelazwa Hospitali ya Benjamin Mkapa tangu tarehe 24. Amepigwa picha, amepimwa damu, anaendelea na dawa. Bima yake haijapokea fomu hata moja ya madai. Je, deni lipo? Lipo, maana huduma imeshatolewa. Ni shilingi ngapi? Hakuna ajuaye, na vitabu vinafungwa leo.

Mzidishe mtu huyo kwa wanachama wote waliotibiwa mwezi huo. Hayo ndiyo madai yaliyokwisha kutokea ila hayajawasilishwa, na mhasibu hana ruhusa ya kuyaacha eti kwa sababu hayana karatasi. Atayakadiria. Ninalosema leo ni hili: ziada au nakisi ya bima ya afya mara nyingi huzaliwa kwenye kadirio hilo, wala si kwenye fedha zilizoko benki.

Tuchukue mfuko wa kufikirika ulio katika mwaka wake wa kwanza, tusisumbuliwe na akiba iliyotengwa kwa madai ya miaka ya nyuma. Umekusanya michango ya shilingi bilioni 60. Madai yaliyofika, ya kulipwa na yaliyokwisha kulipwa, ni bilioni 50. Uendeshaji umekula bilioni 6. Zimebaki bilioni 4, na mkurugenzi ameshaanza kuandaa hotuba.

Sasa aje mtaalamu wa takwimu bima na jedwali lake. Uzoefu wa mfuko unaonyesha kwamba mwezi unapoisha, madai ya mwezi huo yaliyofika huwa asilimia 30 tu. Ya mwezi uliotangulia huwa asilimia 70, na ya mwezi wa nyuma yake asilimia 90. Ya Aprili yamefika bilioni 4.5, kwa hiyo jumla yake ni bilioni 5 na bado milioni 500. Ya Mei yamefika bilioni 3.5, jumla ni 5, bado bilioni 1.5. Ya Juni yamefika bilioni 1.2 tu. Ukigawa kwa asilimia 30 unapata bilioni 4, bado bilioni 2.8. Jumlisha yote: bilioni 4.8, na hiyo ndiyo akiba ya kutengwa. Ziada ya bilioni 4 imegeuka nakisi ya milioni 800.

Mkurugenzi anasema: "Mwaka huu vituo vinawasilisha madai kwa mtandao, yanafika haraka. Juni wekeni asilimia 40." Basi Juni nzima inakuwa bilioni 3, iliyobaki ni bilioni 1.8, akiba inashuka hadi bilioni 3.8, na mfuko una ziada ya milioni 200. Hakuna aliyeiba wala aliyefuta rekodi. Kimebadilika kiwango kimoja tu cha mwezi mmoja, kutoka asilimia 30 hadi 40.

Na huenda mkurugenzi yuko sahihi! Hapo ndipo ugumu ulipo. Madai ya Juni yakifika machache, pengine watu wameugua kidogo: mvua zetu huku huisha Aprili, na malaria nayo hupungua kadiri kiangazi kinavyoshika. Pengine mtandao umeongeza kasi. Pengine ni kinyume kabisa, mfumo ulikwama na madai yamelundikana vituoni. Jedwali haliwezi kukuambia ni lipi, kwa kuwa linachukulia kwamba kasi ya jana ndiyo ya leo.

Mwaka 1996 kampuni ya bima ya afya ya Oxford Health Plans, huko Connecticut, Marekani, ilibadilisha mfumo wake wa kompyuta. Ankara zikachelewa, madai yakalundikana, na kampuni ikapoteza picha ya inachodaiwa. Tarehe 27 Oktoba 1997 ilipotangaza kwamba robo ile ya mwaka ina hasara, hisa zake zilianguka kwa zaidi ya asilimia 60 siku hiyo hiyo. Kampuni ilikuwa ikisifiwa kwa ukuaji wake mpaka wiki chache kabla.

Kwa hiyo anayetaka kubadilisha ile asilimia 30 alete ushahidi usiotoka kwenye madai yenyewe: idadi ya kadi zilizohakikiwa mapokezini, vibali vya kulazwa, tarehe ya huduma ikilinganishwa na tarehe ya kuwasilisha kituo kwa kituo. Na ninyi wahasibu wa hospitali, mkikaa na madai mezani miezi miwili, mnaharibu kadirio la mtu mwingine. (Namwona mmoja anacheka. Anajijua.)

Kwa kampuni zinazofuata IFRS 17, kiwango cha kimataifa cha uhasibu wa mikataba ya bima kilichoanza kutumika tarehe 1 Januari 2023, juu ya kadirio huongezwa kiasi cha kubeba mashaka, na msomaji huelezwa kampuni ina uhakika wa kiwango gani kwamba akiba itatosha. Suala la kupunguza thamani ya malipo ya baadaye kwa riba nalipita, kwa kuwa madai ya afya mengi hulipwa ndani ya mwaka. Lakini mikataba ya hasara hairukwi: kifurushi cha hiari kikivutia zaidi wagonjwa kuliko wazima, hasara inayotarajiwa huandikwa sasa, haingojewi. Hofu ya namna hiyo ndiyo iliyozungumzwa mwaka 2023, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) ulipobadilisha usajili wa Toto Afya Kadi, bima yake ya watoto, ili watoto waandikishwe kupitia shule.

Kadirio likija kukosea, tunafanyaje? IAS 8, kiwango kingine cha kimataifa cha uhasibu, inasema mabadiliko ya kadirio huingia mwaka huu, bali kosa hurudishwa kwenye hesabu za mwaka lilikotokea. Kama Juni mlijua mfumo umekwama na hamkuuhesabu, hilo ni kosa, na lisiitwe taarifa mpya. Nimeona mabishano marefu kweli juu ya mstari huu, na kwa kawaida anayebisha zaidi ndiye aliyesaini.

Kiwango cha ukaguzi cha ISA 540 kinamtaka mkaguzi arudi nyuma atazame makadirio ya mwaka uliopita yaliishia wapi. Bodi ifanye hivyo yenyewe bila kumngoja. Iombe ukurasa mmoja: tulikadiria nini, tulilipa nini, kwa miaka mitano. Tofauti zikipanda na kushuka, sina neno. Zikiwa zinaangukia upande ule ule kila mwaka, na kila mwaka ni upande unaopendeza ripoti, basi mtu anachagua jibu kabla ya kupiga hesabu, na mjumbe wa bodi hahitaji kuwa mtaalamu wa takwimu bima ili alione hilo.

Karibuni kwa maswali. Tuanze na mkono ule wa nyuma.