Safu hii ni ya ngapi? Iulize yenyewe kwa JavaScript

Hamjambo, karibuni tena. Leo narekodia nyumbani, Mji wa Kale hapa Mombasa, na joto hili siwezi kuizima feni, kwa hiyo mkisikia mvumo nivumilieni.

Somo la leo ni dogo lakini limenitoa jasho: mtu akibofya safu ya jedwali (ile ya mlalo, `tr` kwenye HTML) kwenye ukurasa, utajuaje ni safu ya ngapi?

Jirani yetu mmoja, mama mtu mzima, hupika mahamri na mbaazi asubuhi, jioni viazi karai. Nikamtengenezea ukurasa wa oda: jedwali, kila oda na safu yake, na kila safu na kitufe cha Futa. Nilipokuwa naziunda zile safu nikabandika kila moja namba yake: 0, 1, 2, 3. Siku mbili, shwari. Siku ya tatu simu ikalia. "Mwanangu, nimefuta oda ya mahamri, mbona imepotea ya viazi?"

Kosa langu. Fikiria foleni ya magari pale feri ya Likoni. Ukipita na chaki ukaandika namba kwenye kila kioo, feri ya kwanza ikiondoka namba zako zote ni uongo. Mama alipofuta safu ya juu, zilizobaki zilisogea juu, namba zangu zikabaki palepale. Akibofya hii, inafutika ya chini yake. Na ya mwisho kabisa ilikuwa haifutiki, maana namba yake ilishapita idadi ya safu zilizopo.

Haya, fungua faili yako. Jedwali letu ni hili:

```html
<table id="oda">
  <thead>
    <tr><th>Mteja</th><th>Oda</th><th></th></tr>
  </thead>
  <tbody>
    <tr><td>Duka la leso</td><td>Mahamri 10</td><td><button>Futa</button></td></tr>
    <tr><td>Fundi viatu</td><td>Viazi karai 6</td><td><button>Futa</button></td></tr>
    <tr><td>Nyumba ya kona</td><td>Mbaazi bakuli 2</td><td><button>Futa</button></td></tr>
  </tbody>
</table>
```

Chini yake, ndani ya script, andika hivi:

```js
const jedwali = document.getElementById('oda');

jedwali.addEventListener('click', function (e) {
  const safu = e.target.closest('tr');
  if (!safu) return;
  console.log(safu.rowIndex, safu.sectionRowIndex);
});
```

Hapa tusikimbie. Ona kwamba sikuweka msikilizaji, yaani ile `addEventListener` inayongoja mbofyo, kwenye kila kitufe. Nimeweka mmoja tu, kwenye jedwali zima, kama bawabu mlangoni. Mbofyo wowote ndani ya jedwali hupanda juu mpaka umfikie. Oda mpya ikiingia kesho, bawabu ni yuleyule, huongezi kitu.

`e.target` ni kile kilichoguswa hasa: kitufe, au seli, au hata neno lenye herufi nzito ndani ya seli. Sisi tunataka safu, ndiyo sababu ya `closest`. Inaanzia pale palipoguswa na kupanda mzazi kwa mzazi hadi ikutane na `tr`. Isipoipata inarudisha `null`, yaani hakuna kitu, na ule mstari wa `if` umekaa pale kwa ajili hiyo.

Sasa fungua konsoli ya kivinjari, pale `console.log` inapoandika, kisha bofya safu ya mahamri. Umeona? 1 na 0. Safu ileile, majibu mawili, na yote ni kweli. `rowIndex` inahesabu jedwali zima kuanzia 0, na hiyo 0 imechukuliwa na kichwa cha jedwali. `sectionRowIndex` inahesabu ndani ya sehemu ya safu hiyo peke yake, hapa `tbody`, mwili wa jedwali. Kichwa kina tabia yake pia: hata ukiiandika `thead` chini kabisa ndani ya jedwali, bado itahesabiwa kwanza, na `tfoot`, sehemu ya chini ya jedwali, itahesabiwa mwisho.

Mimi kwa oda natumia `sectionRowIndex`, nikijumlisha 1 ninapomwonyesha mtu. Usimwambie mama oda yake ni ya sifuri, atakucheka.

Kufuta je? Ongeza hii chini ya `console.log`:

```js
  if (e.target.matches('button')) safu.remove();
```

Namba haikuhitajika kabisa! Safu unayo mkononi, ya nini kuihesabu ndipo uifute? Laiti ningejua mapema. Ila kama unataka kuandika "Oda ya 2 imefutwa", isome namba kabla ya `remove`. Safu ikishatoka kwenye jedwali, ukiiuliza `rowIndex` itakujibu -1.

Nafasi ya safu wima utaipata kwa `cellIndex` ya seli. Na ukitaka mahali safu ilipo kwenye skrini, kwa pikseli, tumia `safu.getBoundingClientRect().top`. Hiyo hupima kutoka ukingo wa juu wa kinachoonekana, kwa hiyo ukisogeza ukurasa inabadilika, jumlisha `window.scrollY` upate umbali kutoka mwanzo wa ukurasa.

Jambo moja tena kwa wenye kuchuja jedwali: safu uliyoificha kwa `display: none` bado inahesabiwa. Macho yanaona mbili, `rowIndex` inaona tatu.

Hifadhi faili, fungua ukurasa upya. Futa oda ya mahamri, kisha bofya neno "Fundi viatu", si kitufe. Konsoli ikuandikie 1 na 0, zilezile za mwanzo, maana sasa viazi ndivyo vilivyo mbele ya foleni.