Asiye na Dini Msibani na Harusini

Ndugu zangu, asiye na dini katika jamii zetu hakai mwezi bila kuitwa kwenye ibada. Leo maziko, kesho ubatizo, keshokutwa khitma. Wengine hususa, na wanaoumia ni wafiwa. Wengine hukubali kila wanachoombwa, na hao nawaonea wasiwasi zaidi. Jiulize hivi: je, ibada hii inategemea imani yangu? Kama haitegemei, nenda, kaa, saidia kazi. Kama inategemea, kataa mapema, kwa sababu utakayemharibia ni mwenye shughuli.

Chukua maziko ya Kiislamu. Swala ya jeneza huswaliwa kwa kusimama tu, takbira nne (kutamka "Allahu Akbar"), haina rukuu wala sijida, yaani kuinama wala kusujudu, na huisha kwa dakika chache. Asiyeswali akae nyuma au pembeni. Asijipange katikati ya safu akasimama tu, maana safu ni ya wanaoswali. Jeneza likishanyanyuliwa wachukuzi hupokezana, na kama wenyeji hawana pingamizi, tia bega hatua chache kisha mpishe mwenzako. Kaburini tupia udongo kama wengine. Dua ikianza na mikono ikainuliwa, wewe inamisha kichwa tu, inatosha.

Kwenye misa ya wafu, kusimama na kukaa pamoja na watu ni adabu. Wakipiga magoti, kaa kwa utulivu. Penye hatari ni komunyo, waumini wanapokwenda mbele kupokea hostia, mkate uliowekwa wakfu. Ukikaa kwenye ncha ya benchi iliyo njiani, safu nzima itakusubiri uinuke, na ukishainuka ni rahisi kusombwa na foleni mpaka mbele ya padri. Kuna wanaopokea hostia kwa kuona haya, kisha wakaitia mfukoni. Kwa Mkatoliki hilo ni kufuru nzito, na litakumbukwa kuliko rambirambi yako. Kwa hiyo tangu mwanzo kaa upande wa ukutani.

Sasa yale ya kukataa. Msimamizi wa ubatizo katika Kanisa Katoliki anatakiwa awe Mkatoliki aliyepata kipaimara (sakramenti ya kuimarishwa katika imani), kwa kawaida asiyepungua miaka 16, anayeishi imani hiyo. Anaahidi kumsaidia mtoto kuishi kama Mkristo. Usiahidi usichokusudia. Mwambie mzazi: "Shemeji, ada ya shule nitachangia, ila usimamizi mpe anayeamini." Ndoa ni tofauti kidogo: sheria ya Kanisa inataka mashahidi wawili, lakini parokia nyingine zina masharti yake juu ya wasimamizi, hivyo muulizeni padri kabla ya kushona sare.

Nikaha, ndoa ya Kiislamu, ndiyo nyeti kuliko zote. Katika madhehebu ya Shafii, yaliyoenea pwani, walii wa bibi harusi Mwislamu, yaani ndugu anayemwozesha, na mashahidi wote wawili lazima wawe Waislamu. Baba aliyeacha dini kimoyomoyo akikaa mkekani na kuozesha, anamwachia bintiye ndoa ambayo kesho inaweza kutiliwa shaka. Uwalii una mpangilio: baada ya baba ni babu mzaa baba, kisha kaka, halafu ndugu wengine wa kiume wa upande wa baba. Wakikosekana, kadhi huozesha. Baba huyo azungumze na ndugu zake faraghani, wiki kadhaa kabla. Bado ana nafasi yake ya kupokea wageni na kugharimia karamu.

Ukiombwa ghafla kuombea chakula, jibu ni fupi: "Naomba mzee atuongoze." Usieleze msimamo wako mezani.

Na maziko yako mwenyewe? Kumbukeni kesi ya maziko ya wakili Mjaluo S. M. Otieno, Nairobi, mwaka 1987: mjane alitaka kumzika mahali alipodai mumewe alipataka, Mahakama ya Rufani ikaupa ukoo haki ya kumzika kwao Siaya, magharibi mwa Kenya. Matakwa ya marehemu peke yake hayakutosha. Andika unavyotaka uzikwe, kisha mwambie kwa mdomo yule ambaye ukoo utamsikiliza, awe kaka mkubwa au shangazi. Nakala mwachie mkononi, kwa sababu wosia uliofungiwa kabatini mara nyingi husomwa watu wakisharudi kutoka makaburini.